Nani Amekaa Kitonga? Vitabu vya Katuni na Udhibiti Usiohitaji Sheria

Muuza magazeti mmoja wa karibu na Kabwe, hapa Mbeya, ana mpangilio wa bidhaa zake ambao hajawahi kuuandika mahali popote. Magazeti ya siku hubanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya juu, ya michezo yakitangulia. Vitabu vya katuni vya watoto hulazwa mezani kwa mbele, kwenye usawa wa macho ya mwanafunzi wa darasa la tatu. Na yale majarida ambayo michoro ya majalada yake imezidi kiasi hukaa kwenye boksi la biskuti chini ya meza, yakitolewa kwa anayeuliza, na si kwa kila anayeuliza. Nilipomuuliza ni sheria ipi inayomwelekeza kufanya hivyo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakunja suruali anapopita kwenye matope. "Hakuna sheria, mwalimu," alisema. "Naangalia ni nani wanaopita hapa."

Watu wengi wakisikia neno udhibiti huwaza waziri, hakimu na askari aliyebeba hati ya kukamata nakala. Hao wamo katika historia ya vitabu vya katuni, na nitawafikia. Lakini udhibiti uliotikisa biashara hiyo kuliko mwingine wowote ulifanyika Marekani, nchi ambayo katiba yake inalikataza Bunge kutunga sheria ya kubana uhuru wa uchapishaji, na ulidumu kwa zaidi ya nusu karne bila sheria hata moja ya taifa zima. Ulifanywa na watu wa namna ya muuza magazeti wangu, isipokuwa hao walikuwa wamekaa mahali pabaya zaidi kuliko Kabwe. Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji mfano wa mbali ili kuelewa. Lori likilala kwenye kona za Kitonga, mlima ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kuja huku, bidhaa za Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya husubiri pamoja nalo, na mwenye uwezo wa kuufunga mlima ule hana haja ya kupiga marufuku kitu chochote katika soko la Mwanjelwa, kwa kuwa kitu chenyewe hakitafika.

Superman alipotokea mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics, kitabu cha katuni cha Marekani kiliuzwa senti 10, bei ambayo mtoto aliweza kuimudu bila kumwomba mzazi, na humo ndimo hofu ya wazazi ilimoanzia. Mei 1940 mhariri wa fasihi wa gazeti la Chicago Daily News, Sterling North, aliandika tahariri iliyoviita vitabu hivyo aibu ya taifa, na magazeti mengine mengi yakaichapa upya. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashujaa wenye mabawa na vinyago walipungua mvuto, na nafasi yao ikachukuliwa na hadithi za mapenzi, za majambazi na baadaye za kutisha, zenye damu nyingi kuliko zilivyohitaji. Mwaka 1948 moto uliwashwa. Mnamo Oktoba, wanafunzi wa mji mdogo wa Spencer, West Virginia, wakiungwa mkono na walimu wao, walikusanya takriban vitabu 2,000 na kuvichoma nyuma ya shule, miaka mitatu tu baada ya kumalizika kwa vita dhidi ya utawala ambao picha zake za kuchoma vitabu zilikuwa zimeoneshwa kwa watoto haohao kama mfano wa uovu. Desemba moto kama huo uliwashwa Binghamton, New York, na miji mingine ikafuata.

Sheria zilijaribiwa, na zikashindwa. Machi 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Winters dhidi ya New York, ilitangua sheria ya jimbo hilo iliyokataza machapisho yaliyojaa habari za umwagaji damu na uhalifu, kwa kuwa maneno yake yalikuwa yamelegea mno kiasi cha mtu kushindwa kujua lini amevunja sheria na lini hajaivunja. Kaunti ya Los Angeles nayo ilitunga amri ya kuzuia uuzaji wa katuni za uhalifu kwa walio chini ya miaka 18, na amri hiyo ikafa mahakamani mwaka uliofuata. Kuanzia hapo ilieleweka kwamba mlango wa mahakama umefungwa, na kwamba anayetaka kuzibana katuni atafute njia nyingine.

Mtu ambaye jina lake halikosekani katika habari hizi ni Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Ujerumani. Wapenzi wa katuni wamezoea kumchora kama shetani wa hadithi, na hapo ndipo ninapoachana nao. Mwaka 1946 Wertham alifungua kliniki ya Lafargue mtaani Harlem, iliyowatibu Wamarekani weusi kwa ada ndogo sana wakati ambapo hospitali nyingi hazikutaka hata kuwapokea, na uchunguzi wake juu ya madhara ya shule za ubaguzi kwa watoto ulitumika mahakamani katika mashauri yaliyoishia kuubomoa ubaguzi huo mwaka 1954. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake kilichodai kwamba katuni zinawafundisha watoto uhalifu, ukatili na upotovu. Ndani ya kitabu hicho mna jambo ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulipuuza: Wertham aliona, mapema kuliko wengi, kwamba hadithi za porini zilizokuwa zikiuzwa kwa wingi zilimwonesha Mwafrika kama mnyama wa kuwindwa au mtumwa wa mzungu aliyevaa ngozi ya chui, na kwamba mtoto anayezisoma kila wiki hujifunza dharau bila kufundishwa na mwalimu yeyote.

Hoja yake juu ya rangi ilikuwa na nguvu, ila ushahidi wake juu ya uhalifu ulikuwa dhaifu. Nyaraka zake zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2010, na miaka miwili baadaye mtafiti Carol Tilley alionesha kwamba Wertham alikuwa amebadilisha maneno ya wagonjwa wake, akaunganisha habari za watoto tofauti zikawa za mtoto mmoja, na kuacha kutaja mambo mengine mazito katika maisha yao ambayo yangeweza kueleza matendo yao bila kuhitaji katuni. Daktari alikuwa na watoto wenye shida za kweli mbele yake, akachagua kuwasikiliza nusu.

Aprili 21, 1954, kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa vijana ilikaa New York. Wertham alitoa ushahidi, na akafika hadi kusema kwamba Hitler alikuwa mwanagenzi akilinganishwa na wachapishaji wa katuni. Siku hiyohiyo, kwa hiari yake mwenyewe, alifika William Gaines, mmiliki wa kampuni ya EC iliyochapisha hadithi za kutisha kuliko zote sokoni. Gaines alijenga hoja kwamba kipimo chake cha kuchapisha au kutochapisha ni ladha njema. Seneta Estes Kefauver akainua toleo namba 22 la Crime SuspenStories, ambalo jalada lake lilimwonesha mwanamume mwenye shoka lenye damu akiwa ameshika nywele za kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akauliza kama ile ni ladha njema. Gaines akajibu kwamba ndiyo, kwa jalada la kitabu cha kutisha; isingekuwa njema, akaeleza, kama kichwa kingeinuliwa juu kidogo hadi damu ikaonekana inadondoka shingoni. Kwa mtazamo wa mchoraji lile lilikuwa jibu la kweli kabisa, maana ndivyo kazi inavyofanyika mezani: unasogeza mstari huu, unafunika ule. Kwa mtazamo wa mzazi aliyekuwa akinywa chai kesho yake huku akisoma habari hiyo kwenye gazeti, halikuwa na utetezi.

Kamati haikupendekeza sheria. Iliwaambia wachapishaji wajisafishe wenyewe, na wachapishaji, ambao walikuwa wameona moto, walielewa. Septemba 1954 waliunda chama chao, Comics Magazine Association of America, wakamweka hakimu wa New York, Charles F. Murphy, kuwa msimamizi, wakaandika kanuni na kutengeneza nembo ndogo yenye umbo la stempu ambayo ingechapwa kwenye kona ya jalada la kila kitabu kilichopitishwa. Kurasa zililetwa ofisini kabla ya kwenda mtamboni, na wakaguzi wakazipitia mchoro kwa mchoro na neno kwa neno.

Kanuni zenyewe zinafaa kusomwa polepole. Maneno yenye maana ya kutisha na ya hofu kuu yalikatazwa kabisa katika majina ya vitabu, na neno la uhalifu halikuruhusiwa kuwa kubwa kuliko maneno mengine ya jalada. Wema lazima uushinde uovu kila mara, na mhalifu aadhibiwe. Polisi, mahakimu na viongozi wa serikali wasioneshwe kwa namna inayoweza kumfanya msomaji aidharau mamlaka. Wanawake wachorwe kwa uhalisia bila kutiwa chumvi sehemu yoyote ya mwili. Wanyonya damu, ambao sisi tungewaita mumiani, walipigwa marufuku, pamoja na watu wanaogeuka mbwamwitu, wala maiti na maiti wanaotembea, yaani misukule. Kulikuwa hata na kifungu kilichoagiza kwamba sarufi nzuri itumike kila inapowezekana, jambo ambalo mimi, kama mwalimu mstaafu wa lugha, nashindwa kulichukia. Na ni vigumu kutoona kwamba maneno yaliyopigwa marufuku kwenye majina yalikuwa ndiyo majina ya vitabu vya Gaines vilivyouzwa sana, na kwamba waliokaa mezani kuyaandika walikuwa washindani wake.

Nembo haikuwa amri ya serikali. Mchapishaji aliyeikataa hakufungwa wala hakutozwa faini. Ila vitabu vya katuni havikwenda kwa msomaji vyenyewe. Vilitoka kiwandani kwenda kwa msambazaji wa taifa, vikashushwa kwa muuzaji wa jumla wa kila mji, na yeye ndiye aliyevipeleka kwenye vibanda, maduka ya dawa na vituo vya treni pamoja na magazeti mengine yote. Vilivyobaki vilirudishwa na fedha zikakatwa. Muuzaji wa jumla wa mji hakuwa na sababu ya kugombana na padri, mkuu wa shule na diwani kwa ajili ya bidhaa ya senti 10. Gaines alizifunga hadithi zake za kutisha mwaka 1954, akaanzisha vitabu vipya vya aina nyingine kabisa mwanzoni mwa 1955, akavitoa bila nembo. Marobota yalirudi kwake yakiwa bado yamefungwa kamba zake. Hakuna aliyevisoma akavikataa. Hakuna aliyefungua hata robota moja akatazama kilichomo. Gaines akajiunga na chama.

Hata hivyo hakukaa. Mwishoni mwa mwaka 1955 alipeleka ofisini kwa Murphy hadithi iliyokuwa imechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953, kabla ya kanuni, iliyoandikwa na Al Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando. Mjumbe kutoka duniani anafika kwenye sayari ya maroboti ili kuamua kama wamestaarabika kiasi cha kukaribishwa katika jamhuri ya nyota. Anakuta maroboti ya rangi ya machungwa na ya buluu, yaliyotengenezwa kwa vyuma vilevile, lakini ya buluu yanaishi upande mbaya wa mji na kukaa nyuma ya basi. Anawaambia hawajafika bado, anaondoka, na katika mchoro wa mwisho, ndani ya chombo chake, anavua kofia ya chuma: ni mtu mweusi, na matone ya jasho usoni mwake yanang'aa kama nyota zilizo nyuma yake. Murphy alidai mtu huyo asiwe mweusi. Alipoambiwa kwamba hadithi nzima imesimama hapohapo, akashuka na kudai angalau jasho liondolewe. Kanuni hizohizo zilikuwa na kifungu kinachokataza kukejeli rangi au dini ya watu. Gaines alimjibu kwa tusi, akaichapa kama ilivyo katika Incredible Science Fiction namba 33, na hicho kikawa kitabu cha mwisho cha katuni cha kampuni yake. Alibaki na Mad, chapisho lake la vichekesho, aliloligeuza kuwa jarida la umbo kubwa mwaka 1955 na hivyo kulitoa nje ya mikono ya wakaguzi, na ndilo lililomlisha hadi uzeeni.

Hapa msomaji makini atauliza: je, wote waliokataa nembo walikufa? Hapana. Dell, kampuni kubwa kuliko zote, iliyochapisha katuni za Disney, haikujiunga kamwe, na vitabu vyake viliendelea kupita kila mahali, kwa sababu hakuna muuzaji wa jumla aliyethubutu kumrudisha Donald Duck, na hakuna padri aliyemtaka amrudishe. Wadogo ndio walioumia. Idadi ya vitabu tofauti vilivyotoka Marekani ilishuka kutoka takriban 650 hadi takriban 250 katika miaka miwili hivi, na mamia ya wachoraji na waandishi wakatafuta kazi nyingine. Mwaka 1957 msambazaji mkubwa, American News Company, alipofunga kazi hiyo, kampuni ambayo leo tunaiita Marvel ilijikuta haina njia isipokuwa kusambaziwa vitabu vyake na kampuni ya mshindani wake, DC, ambayo iliiruhusu kutoa vitabu vinane tu kwa mwezi. Kila mtu aliheshimu uhuru wa Marvel wa kuchapisha vitabu vya tisa na vya kumi.

Nje ya Marekani mambo yalichukua sura ya sheria, na mara nyingi sheria hizo zilibeba mizigo ambayo haikuwa ya watoto. Canada ilipiga marufuku katuni za uhalifu mwaka 1949, na kifungu hicho kilikaa katika sheria yake ya jinai hadi mwaka 2018. Ufaransa ilitunga sheria ya Julai 16, 1949, iliyokataza machapisho ya watoto kusifu ujambazi, uongo, wizi, woga na hata uvivu. Waliosukuma sheria hiyo walikuwa Wakatoliki na Wakomunisti kwa pamoja, kundi la kwanza likiogopa maadili na la pili likiogopa Marekani, huku wachoraji wa Kifaransa nao wakifurahi kupunguziwa ushindani kutoka ng'ambo. Uingereza ilifuata mwaka 1955. Mwaka mmoja kabla, mjini Glasgow, mamia ya watoto, wengine wakiwa na visu na vijiti vilivyochongwa, walivamia makaburi ya Southern Necropolis wakimsaka mnyonya damu mwenye meno ya chuma ambaye walisema amewala wavulana wawili. Hakuna mtoto aliyekuwa amepotea. Lawama iliangukia katuni za Kimarekani, ijapokuwa hakuna aliyeonesha katuni yenye kiumbe huyo, na yeyote aliyekulia huku kwetu akisikia habari za mumiani anajua kwamba uvumi wa namna hiyo haungoji kuchapwa.

Tintin, mwandishi wa habari kijana wa katuni za Kibelgiji, anastahili kutajwa, kwa kuwa kwa jicho la Kiafrika yeye ndiye mtihani mgumu. Safari yake ya Kongo, iliyochorwa na Hergé kuanzia mwaka 1930, iliwaonesha Wakongo kama watoto wakubwa wenye midomo minene. Toleo la mwaka 1946 lilifuta somo ambalo Tintin aliwafundisha wanafunzi kwamba nchi yao ni Ubelgiji, likaweka hesabu ya kujumlisha. Sura za Wakongo ziliendelea kuchorwa kwa namna ileile. Mwaka 2007 Mkongo aliyekuwa akiishi Brussels aliomba mahakama ikizuie kitabu hicho, na mwaka 2012 mahakama ilikataa. Nimekisoma, na kinanikera. Lakini nikiangalia yaliyofanywa na Murphy kwa hadithi ya mjumbe mweusi, siwezi kumkabidhi mkaguzi yeyote kalamu nyekundu nikiwa na uhakika kwamba ataitumia kwa yale tu yanayonikera mimi.

Kwetu Tanzania katuni zilikulia magazetini, na hivyo zilifuata mkondo wa magazeti. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, lililokuwa la chama, alipata umaarufu kiasi kwamba wapo wazee wanaoita katuni yoyote chakubanga mpaka leo. Jarida la Sani likawaleta Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na wenzao, ambao kizazi changu kiliwasubiri washuke kwenye mabasi ya kutoka Dar es Salaam kama wengine walivyosubiri barua. Juu ya yote hayo ilikuwapo Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyompa waziri uwezo wa kusimamisha gazeti kwa manufaa ya umma, na baadaye ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 pamoja na leseni zake. Kwa hiyo sisi hatuwezi kudai kwamba tulidhibitiwa bila sheria. Ila sheria inayompa mtu mmoja uwezo wa kufunga gazeti zima kwa sababu ya mchoro mmoja hufanya kazi hasa siku ambazo haijatumika, pale mhariri anapokaa na mchoraji saa nne usiku wakipima urefu wa tumbo la kiongozi.

Nami nilikuwa mkaguzi, na hakuna aliyeniajiri kuwa hivyo. Nilipokuwa nikifundisha Iringa, kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akichora hadithi ya mfululizo ndani ya kauntabuku, kwa kalamu ya bluu, vyumba sita kila ukurasa, na kuikodisha dawati kwa dawati kwa shilingi 50. Shujaa wake alikuwa utingo wa lori. Nilisoma kurasa zote ofisini kabla ya kuiweka kwenye droo, na ilikuwa kazi nzuri: mchoro wa lori likipanda Kitonga ulikuwa na moshi uliochorwa kwa vidole vilivyolowekwa wino. Darasani nilisema naichukua kwa sababu inapoteza muda wa masomo. Ukweli ni kwamba katika ukurasa wa kumi na kitu trafiki alikuwa akipokea noti iliyokunjwa ndani ya leseni, na mkuu wa shule alikuwa na ndugu katika jeshi la polisi. Nilikuwa sijawahi kusikia kanuni za Murphy, wala kifungu chake kuhusu polisi.

Februari 2023 wizara ya elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa vya watoto shuleni na maktabani kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume cha mila, desturi na maadili, na kati yake ulikuwamo mfululizo wa Jeff Kinney, Diary of a Wimpy Kid, ambao nusu yake ni michoro ya vijiti. Wengi walijadili maudhui. Mimi nilichokiangalia ni mahali tangazo lilipolenga: si kiwandani, kwa kuwa vitabu hivyo havichapwi hapa, wala si bandarini, bali kwenye rafu ya shule, ambako ndiko pekee vilikokuwa vikisomwa kwa wingi.

Nembo ya Marekani ilianza kunyauka mwaka 1971, na waliotia ufa wa kwanza walikuwa, kwa kichekesho cha historia, serikali yenyewe. Wizara ya afya na elimu ilimwandikia Stan Lee wa Marvel ikimwomba awaonye vijana juu ya dawa za kulevya. Kanuni hazikuzitaja dawa za kulevya kwa jina, lakini ofisi ya chama ilizitafsiri kuwa haziruhusu zioneshwe hata kwa kukemewa, ikakataa, na Marvel ikachapisha The Amazing Spider-Man namba 96 hadi 98 bila nembo. Viliuzwa vizuri, na robota hazikurudi. Kanuni zikalegezwa mwaka huohuo. Wanyonya damu wakaruhusiwa, mradi wachorwe kwa heshima ya fasihi ya kale, lakini misukule hawakuruhusiwa, kwa hiyo waandishi wa Marvel wakaazima jina jingine, zuvembie, wakawachora misukule walewale, na mkaguzi akapitisha.

Kilichoimaliza nembo, hata hivyo, si ujasiri wa Spider-Man. Ni barabara mpya. Kuanzia miaka ya 1970 mfanyabiashara wa New York, Phil Seuling, alianza kununua katuni moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka kwenye maduka yasiyouza kitu kingine, kwa sharti kwamba zisizouzwa hazirudishwi. Ni kama lami ilipofika Iringa kutokea Dodoma kupitia Mtera: Kitonga ilibaki palepale na kona zake zilezile, lakini haikuwa tena ndiyo njia pekee. Mwenye duka la katuni hakuwa na padri wa kumwogopa mlangoni, na wateja wake hawakutazama nembo. DC ilitoa Swamp Thing namba 29 bila nembo mwaka 1984 baada ya wakaguzi kuikataa. Marvel ikajitoa kabisa mwaka 2001. Januari 2011 DC na Archie zikawa za mwisho kuondoka. Nembo yenyewe sasa inamilikiwa na mfuko unaowatetea wauzaji na wachoraji mahakamani, na huchapwa kwenye fulana, kwa hiyo siku moja nategemea kuikuta ndani ya belo la mitumba Mwanjelwa.

Mfuko huo ulianzishwa mwaka 1986, na sababu yake ndiyo upande wa pili wa shilingi. Mlango mkuu ulipoacha kulindwa, polisi walihamia kwenye mlango mdogo: meneja wa duka la katuni katika mji wa Lansing, Illinois, alikamatwa kwa kuuza vitabu vilivyodaiwa kuwa vya aibu, akatiwa hatiani, na rufaa ndiyo iliyomwokoa. Mzigo uliokuwa ukibebwa na chama, wasambazaji na wauzaji wa jumla ukamwangukia mtu aliyesimama nyuma ya kaunta.

Siku hizi vijana wanaochora huku kwetu hawangoji basi la Dar es Salaam. Huchora kwenye simu na kusambaza kwa simu, na zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ada zake kwa mwenye blogu zilivuka shilingi milioni 2 zikijumlishwa, fedha ambazo hakuna mchoraji ninayemfahamu Mbeya aliyekuwa nazo. Ada hizo zilipunguzwa baadaye. Hata kwa asiyehitaji leseni, mlima upo. Aprili 2013 kampuni ya comiXology, iliyouza katuni kupitia programu ya simu za Apple, ililizuia toleo la 12 la Saga lisiuzwe humo, na dunia nzima ikailaumu Apple. Siku iliyofuata comiXology ikakiri kwamba Apple haikuwa imekataa kitu; wao wenyewe ndio waliosoma masharti, wakakisia yatakavyotafsiriwa, na kuliweka toleo lile chini ya meza kabla ya kuulizwa.